Dawa za Kifua

Upendo alikuja baada ya watu wa msiba wa Mamkubwa Salma kupungua, masufuria ya kukodi yameshakwenda kwa wenyewe na mimi nimebaki na miguu iliyovimba. Nilikuwa barazani Usagara, hapa Tanga mjini, kwenye nyumba ile ile aliyonilelea, nachambua mchele ambao hakuna aliyekuwa akiusubiri. Bajaji ikasimama, akashuka mwanamke wa makamo, nywele zimeingia mvi kwa mbele, kajitanda khanga juu ya gauni kwa heshima ya msiba, maana yeye ni Mlutheri wa Lushoto. "Hodi wenyewe!" Sauti ndiyo niliyoitambua kwanza. "Dada Upendo! Shikamoo." "Marahaba, Hawa wangu. Pole, mama. Pole sana." Akanikumbatia akalia, nami nikalia tena, na nilidhani nimeshamaliza. Nikamwekea chai na mihogo iliyobaki asubuhi. Alikula kidogo, kisha akaniuliza, "Hivi Mamkubwa alinisamehe?" Nikamwambia Mamkubwa hakuwa mtu wa kuweka mambo moyoni, uongo mtupu, na yeye anajua. Akasema, "Na nyie watoto je? Ule mwaka tuliwasaidia au tuliwaumiza? Siku hizi nafundisha vijana kazi hii ya utafiti, na kila nikisimama mbele yao nawaona nyie mmekaa kwenye ule mkeka." Nikamwambia anywe chai, inapoa. Swali kama lile halijibiwi na mtu mwenye ungo mapajani. Jibu ninaloliweza ni hili refu.

Nianze na lililo zito, nisimzungushe mtu. Nilizaliwa na virusi vya UKIMWI. Leo nayasema hayo kama ninavyosema nashona sare za shule, nina mume, nina watoto wawili wasio navyo, na kidonge changu nakimeza mbele ya yeyote, apende asipende. Lakini mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nameza dawa asubuhi na jioni, na sijui ninaumwa nini. Mambo ya ukoo na nani alikuwa baba nayaacha, yana wenyewe. Itoshe kwamba mama alikufa nikiwa sijaweza kuukumbuka uso wake, na dada yake mkubwa akanichukua. Mamkubwa aliniambia nina kifua. "Una kifua kibovu wewe, kama babu yako. Kunywa dawa za kifua, usinichoshe." Dawa zilikaa kabatini nyuma ya bakuli za maulidi. Kila chupa mpya ikija kutoka hospitali, Mamkubwa alikaa chini, akashika wembe, akaikwangua karatasi ya maandishi mpaka ikabaki gundi tu, kisha akasokomeza pamba ndani ili vidonge visilie chupa ikitikisika. Nilimwona akiifanya kazi hiyo kwa makini kuliko anavyopara samaki. Nikadhani ndivyo dawa za kifua zinavyotunzwa.

Mradi ulikuja mwanzoni mwa mwaka. Ulipanga nyumba Raskazone, moja ya zile za kizamani zilizoachwa na Wazungu, dari juu kabisa, madirisha ya wavu wa mbu, ngazi ya mbao inayolia ukiikanyaga. Sisi watoto wa uswahilini tuliingia mle tukinong'ona kama tumeingia msikitini. Chumba kikubwa kilikuwa hakina kitu isipokuwa mkeka, mito, na meza yenye kalamu za rangi. Harufu yake ninayo hadi leo, harufu ya sakafu iliyopigwa nta na maandazi ya hiliki yaliyokuwa yakija kwenye ndoo yenye mfuniko. Tulikuwa kundi dogo, wavulana kwa wasichana. Tulikwenda kila Jumamosi, na Dada Upendo ndiye aliyekaa nasi, kijana wakati ule, mwembamba, anacheka mpaka anashika ubavu. Alituambia kazi yetu ni kuwasaidia wakubwa kujua ustawi wa watoto ukoje. "Ustawi ndiyo nini?" tukamuuliza. Akasema ni kuwa vizuri mwilini, moyoni na nyumbani. Akasema wakubwa wamezoea kuandika habari za watoto bila kuwauliza watoto, na mradi huu ni tofauti, nyinyi ndio watafiti wenzetu. Tulivimba vichwa! Nilirudi nyumbani nikimwambia Mamkubwa, mimi ni mtafiti, naye akanijibu, "Haya, mtafiti, katafute chumvi dukani."

Kabla ya yote walituomba ridhaa. Mamkubwa alishakubali kwa niaba yangu, lakini Dada Upendo alisema nasi lazima tukubali wenyewe, na mtu ana haki ya kusema hapana. Akatuuliza mmoja mmoja, kwa upole, akitutazama machoni. Sote tulisema ndiyo. Leo nikikumbuka nacheka kwa uchungu. Mtoto gani wa Kitanga aliyefunzwa adabu angemwambia mgeni hapana, tena mgeni aliyekuja na maandazi? Tulifundishwa ukiulizwa na mkubwa unaitikia, unainamisha kichwa, mambo yanaisha. Yeye alikuwa mkweli kabisa katika kuuliza kwake, na sisi tulikuwa wakweli katika adabu yetu, na katikati hapo hapakuwa na ridhaa yoyote. Wala hakuna aliyetuambia kwa nini tumechaguliwa sisi na si watoto wa jirani. Tulichora nyumba zetu, tukabandika nyuso za kucheka na za kununa, tukasema tunapenda nini na tunaogopa nini. Mimi nilisema naogopa jogoo wa jirani yetu Bi Mwanjaa, na ilikuwa kweli.

Mle ndani nilipata marafiki wawili. Sefu alikuwa amenizidi mwaka mmoja, anaishi na ami yake fundi baiskeli, mrefu, mbishi, anaweza kukubishia kwamba leo si leo. Chiku alikuwa mdogo wetu sote, ana miaka tisa na pengo mbele, na alikuwa na tabia ya kuja kukaa ubavuni kwangu bila kuomba, halafu analala. Bibi yake alimleta akiwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Nilimpenda yule mtoto. Alinifanya nijione dada wa mtu.

Kisha tukapelekwa Amani, kule kwenye milima ya Usambara. Mkuu wa mradi, bwana mmoja mwenye miwani aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam, alisema watoto watembee msituni, waone miti, wafurahi, kisha waseme furaha ni nini. Tuliondoka alfajiri kwa gari dogo la kukodi. Sasa, dawa zetu zilikuwa na saa yake, saa moja asubuhi, na saa moja ingetukuta njiani. Kila mlezi alimvuta Dada Upendo pembeni kwa wakati wake, akamnong'oneza, "Mwanangu ana dawa zake, naomba anywe faragha, wenziwe wasimwone." Na Dada Upendo, kwa kuwa alikuwa na adabu kupita kiasi, alimwambia kila mmoja, "Usijali mama, usijali baba, nitahakikisha." Kumbe ameahidi gari zima! Tulipofika Muheza tukasimama kunywa chai kwenye mgahawa wa barabarani. Saa moja ikafika. Mimi nikaaga naenda chooni, kichupa changu kimefungwa kwenye leso, nikazunguka nyuma ya mgahawa, palipokuwa na migomba na matenga ya machungwa. Nikamkuta Sefu ana kidonge mdomoni. Sijasema neno, akatokea Chiku na chupa yake kaishika kwa mikono miwili. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu ananyata, mpaka tukawa sote nyuma ya migomba tunatazamana.

Kwanza tulicheka. Acha tucheke, jamani! Mtoto mmoja alipaliwa na maji. Halafu Sefu akaichukua chupa yangu akaiweka kando ya yake, akachukua ya Chiku, akazipanga zote juu ya tenga. Zilikuwa zimekwanguliwa zote. Kila moja ina alama za wembe, kila moja ina gundi iliyoshika vumbi, na Sefu alipozitikisa hakuna iliyolia, maana zote zilikuwa na pamba. "Wewe unaumwa nini?" akaniuliza. "Kifua." "Mie naambiwa damu chache. Chiku?" "Moyo," Chiku akasema, "una tundu." Kuna aliyesema figo, na kuna aliyesema bibi yake kamwambia ni kinga ya jini. Sefu akamimina kidonge kimoja kimoja kiganjani kutoka kila chupa. Rangi moja, umbo moja. Hakucheka tena. "Nyie," akasema, "jini na kifua vinatibiwa na dawa moja tangu lini?" Dada Upendo akatokea kwenye kona ya ukuta, kikombe cha chai mkononi. Alitutazama, akatazama matenga, na nikaona uso wake umebadilika. Alisema, "Haya watoto, gari linatungoja." Amani sikumbuki chochote isipokuwa baridi na miti mirefu. Tulitembea, na hakuna aliyesema furaha ni nini.

Jumamosi iliyofuata Mkuu alikuwapo. Hakuwa na habari ya Muheza, nadhani Dada Upendo alikuwa bado anatafuta pa kuanzia. Alisimama mbele yetu na karatasi kubwa ya manila ukutani, akasema leo ni siku muhimu, leo watoto wenyewe watatunga maswali. Maswali yenu ndiyo yatakayokwenda kuulizwa kwa watoto wengine, hatubadilishi neno. Tukaanza na yale ya adabu. Unapenda shule? Nyumbani unakula nini? Nani anakufurahisha? Mkuu anatikisa kichwa kwa raha, Dada Upendo anaandika. Sefu akanyoosha mkono. Namwona sasa hivi, kiwiko kimekauka, shati la shule limefungwa mpaka kifungo cha juu. "Swali langu ni hili. Kwa nini sote tunakunywa dawa moja, na kila mtu kaambiwa ugonjwa wake?" Nikasikia mfagizi anafagia majani uani. Dada Upendo aliandika "Kwa nini sote," kalamu ikasimama. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Swali zuri sana," akasema. "Hili tutaliweka pembeni kwanza." "Pembeni wapi?" Sefu akauliza. Hakuwa anafanya jeuri, alitaka kweli kujua litakaa wapi. Mkuu akasema chakula kimefika. Hakikuwa kimefika. Tulikaa kwenye mkeka tunakisubiri, na maneno yale matatu yako ukutani, mpaka Dada Upendo akaibandua karatasi akaikunja.

Nimeshakasirika sana juu ya siku ile, na nikikasirika hasira inanipeleka kwa huyu, inanitoa, inanipeleka kwa yule. Mkuu alikuwa amewaahidi walezi kuwatunzia siri. Walezi walikuwa wametuficha kwa mapenzi. Dada Upendo alikuwa mwajiriwa tu, bosi wake yuko mbele yake. Haya, nimkamate nani? Lakini mtoto alipewa ruhusa ya kuuliza, akauliza, akapewa sahani ya wali. Hilo halinitoki.

Wakaitwa walezi. Sisi tukaambiwa tucheze uani, nasi tukacheza kidogo kwa ajili ya macho ya watu, kisha mimi na Sefu tukajibanza chini ya dirisha la wavu. Ami yake Sefu ndiye aliyekuwa akisema. "Mlikuja mkatuambia mtawauliza wanafurahi au hawafurahi. Hili limetoka wapi?" Dada Upendo akajibu, "Wazazi wangu, watoto wameshaona. Hawaulizi tena kama kuna kitu. Wanauliza ni kitu gani. Tukikaa kimya watajijibu wenyewe, na watajijibu vibaya." Ndipo nikamsikia Mamkubwa wangu. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja. "Mwanangu Upendo, nisikilize. Wewe uliniomba ridhaa nikakupa. Sharti langu lilikuwa moja, neno lile lisitajwe mbele ya mtoto wangu. Siku nikiona wakati umefika, mie mwenyewe nitajua la kufanya. Wewe hujazaa, hujalea, hujui mtoto akivunjika moyo anavyolala." Wengine wakaitikia, kweli, kweli kabisa. Mkuu akasema mradi utaheshimu walezi. Viti vikaburuzwa. Sefu alikuwa akiniangalia muda wote huo. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Kumbe lipo neno."

Jioni ile tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa papa. Mamkubwa alinimegea kipande kikubwa, akanitazama nikila, akasema leo nimekuwa mpole, nina nini? Nikasema sina kitu. Akaniletea kidonge na maji, nikameza. Tulikuwa tumekaa karibu kiasi cha magoti kugusana, na kila mmoja anamficha mwenziwe jambo lile lile.

Sefu hakutuambia alichokiamua. Tulikuja kukijua baadaye, kwa ami yake. Dada Upendo alikuwa ametufundisha kwamba mtafiti hapokei tu anachoambiwa, anajaribu aone. Basi Sefu akajaribu. Kila asubuhi na kila jioni alipokea kidonge, akakiweka chini ya ulimi, akanywa maji, akaenda chumbani akakitumbukiza kwenye mguu wa kitanda chake, vile vitanda vya chuma vyenye miguu ya bomba. Alitaka kuona kama ni damu itakayopungua, au ni nini. Mwanzo hakuona kitu, akanona hata, akawa anatukimbiza uani. Kisha akaanza kukosa Jumamosi. Akarudi mara moja, midomo imekauka, anakohoa, kakaa kwenye mkeka na sweta mchana wa jua kali. Dada Upendo alimpeleka hospitali ya Bombo kwa mikono yake. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Ami yake alipokivuta kitanda ili afagie, mguu ukamwaga vidonge sakafuni. Nasikia yule mzee alikaa chini akaviokota kimoja kimoja huku akimwita Sefu kwa jina. Walikuwa wamechelewa. Sefu alikufa kabla ya Ramadhani.

Mamkubwa alinichukua msibani. Tulikaa ndani na wanawake, Dada Upendo akiwa kwenye kona, macho mekundu, hakuna anayemsemesha. Wanaume walipoondoka na jeneza, mama mmoja aliyekuja kutoka Pongwe akamuuliza jirani yake, "Maskini, mtoto kasibiwa na nini?" Yule akashusha sauti. "Kifua, bibi wee. Kifua kilimbana, hata hakikumpa nafasi." Sefu aliambiwa damu. Kifua kilikuwa changu mimi. Ugonjwa wangu, nilioulea tangu utotoni kwa wembe na pamba, ndio umemuua Sefu, na kwa hiyo mimi ndiye nitakayefuata. Nilikaa pale nimejishika kifua, nasikiliza kinavyopanda na kushuka. Sikulia. Nilikuwa naogopa kukitikisa.

Tuliporudi nyumbani Mamkubwa hakupumzika, alikaa moja kwa moja kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi, maana akiwa na huzuni alikuwa lazima ashike kazi. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mamkubwa, kama huniambii ninaumwa nini, sinywi." "Una kifua." "Sefu ndiye kafa na kifua. Mimi sinywi tena." Aliinuka na mkono juu. Hajawahi kunipiga kofi la uso maishani, na siku ile nilijua linakuja, nikaacha uso wangu pale pale. Mkono ukashuka taratibu. Akaenda akafunga mlango wa mbele, akafunga na wa uani, mchana kweupe, akarudi akakaa chini sakafuni, mikono ina machicha. "Kaa," akaniambia. Nikakaa.

"Unajua kwa nini sijakwambia?" akasema. "Wewe unafikiri nakuonea huruma. Huruma ninayo, lakini si hiyo. Nikikwambia wewe, namtaja mama yako. Watu wa mtaa huu walimsema mdogo wangu mpaka ulimi ukawachoka. Walimsema yu hai, wakamsema yuko kwenye sanda. Wako waliokataa kuja kumkosha, Hawa, nikamkosha mie na bibi mmoja tu. Nikaapa siku ile, ndani ya nyumba yangu hatasemwa tena. Maiti husitiriwa. Sasa wewe unataka mie, mie dada yake, ndiye nimseme. Tena nimseme kwa mwanawe." Alikuwa ananitazama kama ananiomba niseme basi, imetosha. Sikusema. Basi akasema, "Ni UKIMWI, mwanangu. Umezaliwa nao."

Neno lenyewe nilikuwa nalijua, nani asiyelijua? Lilikuwa kwenye mabango, kwenye redio, kwenye ukuta wa shule na picha ya mtu aliyekonda kama mpini. Sikujua kwamba linaweza kukaa kwenye mtu anayeruka kamba. "Nitakufa?" "Hufi. Sefu hakunywa dawa. Wewe unakunywa." "Na kifua?" "Huna kifua. Hujawahi kuwa na kifua, kifua chako kizima." Niliona raha, haki ya Mungu. Kwa kitambo kidogo niliona raha tupu, kwamba mtu amenitazama usoni akanijibu. Halafu swali lingine likaja lenyewe, sikulitafuta. "Kwa hiyo mama ndiye aliyenipa?" Mamkubwa akafunika uso na ile mikono yenye nazi. "Ndilo hilo," akasema. "Ndilo hilo nililokuwa nalikimbia." Alilia kwa sauti, mwanamke yule ambaye msibani kwa mumewe alikuwa akigawa sahani. Nikasogea nikamshika. Nilimchukia mama yangu kwa muda, siwezi kusema ni muda gani, na Mamkubwa alijua, akaniacha. Alipokufa juzi nilimwosha mimi, na nilikuwa namwambia kimoyomoyo kwamba yule mdogo wake nilishamaliza naye zamani, hatukudaiana kitu.

Kabla ya kufungua milango alinikamata mkono. "Hili ni lako na langu. Wenzio wana wazee wao. Usimwambie mtoto wa mtu jambo ambalo kwao hawajamwambia. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nilijiona nimepewa kitu kikubwa.

Mradi ulikuwa umebakiza Jumamosi chache. Kitabu chake kilitoka baadaye, kizuri, kina picha ya mikono yetu imeshikana, kinasema watoto wanataka kucheza, kusoma na kusikilizwa. Swali la Sefu halimo. Mimi nilirudi Raskazone wiki ile ile, maana Mamkubwa alisema nisipokwenda watu watauliza. Nilipoingia Dada Upendo alinitazama mara moja tu akajua nimeambiwa. Akanimiminia soda. Nikakaa mahali pangu. Chiku akaja akajibana ubavuni kwangu kama kawaida yake, lakini hakulala. Alikuwa ananichungulia uso, anautafuta, mpaka nikamuuliza unataka nini. "Wewe umeambiwa," akasema. Alikuwa na miaka tisa, hakuna aliyemnong'oneza. "Umeambiwa, sivyo? Tunaumwa nini, dada Hawa?"

Nikamtazama Dada Upendo. Alikuwa amesikia, kalamu mkononi, na akageuza uso dirishani. Nilikuwa na mkono wa Mamkubwa kwenye mkono wangu bado. Nikasema, "Kunywa dawa zako, Chiku. Usiache hata siku moja. Sefu aliacha." "Nanywa. Tunaumwa nini?" "Muulize bibi yako." "Nimemuuliza. Kasema moyo." "Muulize tena." Hapo akasogea akakaa mbali kidogo ili anione vizuri. "Si uniambie wewe? Wewe unajua." Nikamwambia bado ni mdogo, akikua ataambiwa.

Chiku akanitazama. Hakukasirika, wala hakulia. "Kumbe na wewe ushakuwa mkubwa," akasema, akachukua soda yake, akaenda kukaa upande wa pili wa mkeka.